Kizingiti cha Ng'iriama: Jinsi Mto Ruaha Mkuu Ulivyoanza Kukatika Kiangazi

Kaskazini-mashariki mwa tambarare za Usangu, mahali panapoitwa Ng'iriama, pana mwamba uliolala kukingama njia ya maji. Haukujengwa na mtu. Maji yote yanayoteremka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe, hutuama kwanza nyuma ya mwamba huo na kufanya ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ikijaa, maji hupita juu ya kizingiti, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huteremka hadi bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwishowe huungana na Rufiji. Ihefu ikipungua hata ikawa chini ya usawa wa mwamba kwa kimo cha kiganja tu, mto hukatika. Msomaji aliyeshika jambo hili moja ameshika nusu ya historia tunayoisimulia hapa, kwa kuwa mambo mengi yaliyoamuliwa juu ya ardhi ya Usangu katika miaka 30 iliyopita yaliamuliwa bila kuutazama mwamba huo.

Tuanze na hali ya nchi yenyewe. Milimani mvua hufikia milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka; chini tambarare hupata nusu ya kiasi hicho au pungufu, tena kwa msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kwa sababu hiyo tambarare ni nyasi na vichaka, lakini imezungukwa na mito inayotoka kwenye unyevu. Katika karne ya 19 watawala wa Wasangu, wenye jina la enzi la Merere, waliijua Usangu kama nchi ya ng'ombe na ya misafara ya pembe. Mpunga haukuwa chakula chao cha kila siku. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kwa mifereji kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Wabulushi waliohamia bonde hilo wakati wa ukoloni, na kutoka kwao wenyeji na wahamiaji wengine wakaupokea ufundi huo.

Wakati mpunga unaota mizizi kusini, upande wa kaskazini ulikuwa ukiwekewa mipaka kwa ajili ya wanyama. Wajerumani walitenga eneo la wanyamapori la Saba mwaka 1910. Waingereza wakalipanua kuwa pori la akiba la Rungwa mwaka 1946. Na serikali ya uhuru ikamega sehemu yake mwaka 1964 na kuifanya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katika hatua zote tatu, tegemeo la hifadhi hiyo wakati wa kiangazi lilikuwa mto unaotoka nje ya mipaka yake. Viboko, mamba, samaki na makundi ya nyati waliishi kwa maji ambayo hakuna mhifadhi aliyekuwa na mamlaka juu yake. Kwa zama hizo haikuonekana kuwa shida, maana huko juu wakulima walikuwa wachache.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1970. Barabara ya lami kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na reli ya Tazara, zote mbili, zilipita kwenye ukingo wa kusini wa tambarare. Gunia la mchele lililokuwa likiishia Mbeya sasa lingeweza kufika soko la Dar es Salaam. Serikali ilijenga shamba la Mbarali kwa msaada wa China. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likafuata la Kapunga, na mwishoni mwa muongo huo skimu ya wakulima wadogo ya Madibira. Kila moja lilikuwa na hekta zipatazo 3,000. Lakini mashamba haya makubwa, ambayo ndiyo yanayoonekana kwenye ramani, hayakuwa sehemu kubwa ya mpunga wote. Kando ya mifereji yao, na kando ya mifereji iliyochimbwa kwa jembe, maelfu ya kaya zilifungua majaruba yao wenyewe. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 kasi iliongezeka. Eneo la mpunga lililokuwa kama hekta 10,000 mwaka 1970 likapanda hadi kupita hekta 40,000 katika miaka yenye mvua nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba kaya 30,000 hivi ziliishi kwa mpunga wa Usangu, na kwamba bonde hilo lilitoa si chini ya asilimia 14 ya mchele wote wa Tanzania.

Pamoja na wakulima walikuja wafugaji. Baadhi ya Wamasai na Waparakuyo walikwisha kufika tangu miaka ya 1950, na Wasukuma wakafuata kwa wingi baadaye, wakitafuta malisho ambayo kwao yalikuwa yamebanwa. Nyasi za Ihefu, zinazobaki mbichi wakati nchi nzima imekauka, ziliwavuta kama zilivyowavuta nyati kabla yao.

Katika miaka hiyo hiyo taifa liliuwekea Mto Ruaha Mkuu kazi nyingine. Kituo cha Kidatu kilianza kufua umeme mwaka 1975 na hatimaye kikafikia megawati 204. Ili kiwe na akiba ya maji, bwawa la Mtera lilikamilishwa mwaka 1980, na mwaka 1988 nalo likafungwa mitambo ya megawati 80. Kwa muda mrefu vituo hivi viwili vilikuwa uti wa mgongo wa umeme wa nchi. Hivyo, kufikia mwaka 1990, mto mmoja ulikuwa umeahidiwa kwa wakulima wa mpunga, kwa wanyama wa hifadhi na kwa taa za Dar es Salaam, na ahadi hizo tatu zilikuwa zimetolewa na ofisi tatu ambazo hazikuketi meza moja.

Misukosuko ilikuja kwa pamoja. Mwaka 1992, na tena mwaka 1994 na 1995, maji ya Mtera yalishuka na nchi ikaingia katika mgawo wa umeme. Katikati ya vipindi hivyo, mwishoni mwa mwaka 1993, Mto Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi. Zipo kumbukumbu za miaka michache ya ukame mkali, zamani zaidi, ambapo mto ulikatika. Kilichokuwa kipya ni kwamba baada ya 1993 ulikatika karibu kila mwaka, kwanza kwa majuma machache, kisha kwa miezi. Viboko walijibana katika vidimbwi vilivyobaki, na samaki wakafa ndani ya matope.

Watu walioona taa zikizimika na mto ukikauka katika msimu mmoja walikuwa na haki ya kudhani kwamba sababu ni moja. Maelezo matatu yalisikika. La kwanza lilisema mvua imepungua na misitu ya milimani imekatwa. La pili liliwalaumu wafugaji: ng'ombe wao, ilisemwa, wamekanyaga Ihefu mpaka ikauka. La tatu liliwalaumu wakulima wa mpunga. Maelezo ya pili ndiyo yaliyopendwa zaidi maofisini na magazetini, na si ajabu, maana mfugaji ni mgeni kila anapofika na hana mfereji wa zege wa kuonyesha kwamba serikali ilimkaribisha.

Kati ya mwaka 1998 na 2002 serikali, kwa fedha za Uingereza, iliendesha utafiti mkubwa wa ardhioevu ya Usangu na vyanzo vyake, na baada yake ukaja utafiti mwingine ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa nje, miongoni mwao Japhet Kashaigili na Bruce Lankford. Matokeo yao yanastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa yanageuza picha nzima.

Kuhusu mvua, vipimo havikuonyesha upungufu wa kudumu uliotosha kueleza kilichotokea mtoni. Kuhusu ng'ombe, hesabu rahisi inatosha. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 40 kwa siku. Tuchukulie kwamba bondeni kulikuwa na ng'ombe 300,000. Wote kwa pamoja wangekunywa lita milioni 12 kwa siku, yaani chini ya lita 150 kwa sekunde. Wakati huo huo mifereji ya umwagiliaji, katika miezi ya kiangazi, ilikuwa ikichepusha kiasi cha lita 8,500 kila sekunde. Sisemi kwamba mifugo haikuleta madhara. Kwato nyingi mahali pamoja huharibu kingo za mito, na malisho yaliyokwisha huleta ugomvi kati ya mfugaji na mkulima. Ila kwa upande wa maji, tofauti ni ya zaidi ya mara hamsini.

Sasa swali linakuwa hili: kwa nini mifereji ichukue maji mengi kiangazi, wakati mpunga wa Usangu hulimwa masika? Jibu liko kwenye banio. Zamani mkulima alitega mto kwa miti, mawe na udongo. Banio la namna hiyo lilivuja. Mafuriko yalilibomoa kila mwaka, na kiangazi sehemu ya maji ilipenya na kuendelea na safari yake. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 miradi ya serikali na ya wafadhili ilijenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma, kwa nia njema kabisa ya kumpunguzia mkulima taabu na kuongeza ufanisi. Banio la zege halivuji. Linaweza kukamata mto mdogo wa Agosti wote mzima na kuupeleka mferejini. Na mfereji ukishafunguliwa haufungwi, kwa sababu vijiji vilivyokua kandokando yake hunywa humo, hufua humo, hufyatua matofali na kumwagilia mboga. Wengine huanza vitalu vya miche mapema ili wavune kabla bei haijaanguka. Mengi ya maji hayo huishia kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa na kupotea kwa mvuke.

Kuhusu umeme, watafiti waligundua jambo ambalo watu wengi bado hawajalisikia. Mtera hujazwa na maji ya masika, tena kutoka mito mitatu: Ruaha Mkuu huleta zaidi ya nusu, na yaliyobaki hutoka Ruaha Mdogo na Kisigo. Maji ya kiangazi kutoka Usangu, hata zamani yalipokuwa yakitiririka vizuri, yalikuwa sehemu ndogo sana ya hazina ya bwawa. Uchunguzi wa wahandisi wa maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha pia kwamba katika miaka ya mwanzo ya 1990 maji mengi yalifunguliwa kutoka Mtera kuliko yaliyohitajika kwa mitambo. Kwa hiyo kulikuwa na matatizo mawili yaliyokutana kwa wakati tu. Tatizo la umeme lilihusu maji ya masika na uendeshaji wa mabwawa. Tatizo la wanyama lilihusu maji ya miezi minne au mitano ya kiangazi. Dawa ya la kwanza haikuwa dawa ya la pili.

Na kiasi kilichohitajika kwa ajili ya wanyama kilipimwa. Ili mto usikatike kabisa hifadhini, yaani upite walau na nusu meta ya ujazo kwa sekunde, Ihefu ilihitaji kupokea wastani wa meta za ujazo 7 kwa sekunde katika kiangazi, karibu mara mbili ya ilizokuwa ikipokea. Ili zipatikane, uchepushaji wa kiangazi ungepaswa kupunguzwa kwa nusu. Maji ya masika, ambayo ndiyo yanayokuza mpunga, yasingeguswa. Kwa maneno mengine, chakula cha taifa na uhai wa mto havikuwa vikigombea maji yale yale kwa wakati ule ule.

Uamuzi wa kisiasa ulifuata njia nyingine. Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba serikali yake itauunga mkono mpango wa kuhakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Lilikuwa lengo jema, na lingeweza kufikiwa kwa kufunga malango. Lakini chombo kilichokuwa karibu na mkono kilikuwa mpaka. Tayari mwaka 1998 Ihefu na nyika zake zilikuwa zimetangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu. Mwaka 2006 ukame ulirudi, mgawo wa umeme ukarudi, na serikali ikatoa mkakati wa haraka wa kulinda vyanzo vya maji. Kuanzia Mei mwaka huo wafugaji waliondolewa Ihefu. Familia kwa mamia na mifugo kwa maelfu mengi zilisafirishwa kwenda mikoa ya Pwani na Lindi, kwenye ardhi wasiyoijua. Mifugo mingi ilikufa njiani au kuuzwa kwa bei ya kutupa, na malalamiko yalikuwa mazito kiasi kwamba Rais Jakaya Kikwete aliunda tume ya uchunguzi mwaka 2007. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali namba 28, pori hilo liliunganishwa na hifadhi ya Ruaha, ambayo ikafikia kilomita za mraba 20,226.

Mwaka 2010 ukafika, na mto ukakauka. Ulikauka pia miaka iliyofuata. Mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyeshiriki utafiti wa awali, aliandika baadaye kwamba simulizi la wafugaji kuiangamiza Ihefu lilishinda kwa sababu lilimfaa kila mwenye nguvu, wala si kwa sababu ya ushahidi. Mtu anaweza kumjibu, na wahifadhi wamemjibu, kwamba kuilinda ardhioevu kuna faida zake: nyasi zimepata nafuu, na wanyama wamerudi mahali walipokuwa hawaonekani. Naikubali hoja hiyo. Hata hivyo kuondoa watu chini ya banio hakuongezi maji yanayopita kwenye banio, na hilo ndilo lililokuwa lengo lililotajwa.

Wakati huo tabianchi ilianza kuingia katika mazungumzo kwa uzito mpya. Umeme wa maji ulipoyumba, nchi iligeukia dizeli ya kukodi na, kuanzia mwaka 2004, gesi ya Songo Songo. Hivyo kila tone lililopotea bila faida lilikuwa na gharama yake ya moshi. Makadirio ya mvua za bonde la Rufiji kwa miongo ijayo hayakubaliani: mengine yanaonyesha ongezeko, mengine upungufu, ila kuhusu joto yanakubaliana, na joto likizidi Ihefu hupoteza maji zaidi kwa mvuke. Majaruba yaliyofurika nayo hutoa gesi ya methani. Ndiyo maana kilimo shadidi, ambamo miche michanga hupandwa mmojammoja kwa nafasi na jaruba huachwa likauke na kulowa kwa zamu, kimewavutia wataalamu: kinapunguza maji na methani kwa pamoja, na mkulima aliyekifuata vizuri hapunguziwi mavuno. Kinadai, hata hivyo, palizi nyingi na uhakika wa zamu, na uhakika wa zamu hupatikana pale tu ambapo wa juu na wa chini wameelewana.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 ilivipa vijiji na wilaya njia ya kupanga, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka matumizi ya nyumbani kwanza, kisha akiba ya mazingira, kabla ya matumizi mengine. Kasoro ni kwamba mpango wa ardhi huchorwa kwenye ramani, na ramani haina Agosti. Inaonyesha hapa ni malisho, pale ni shamba, kule ni hifadhi; haionyeshi kwamba shamba lile lile ni jirani mwema Februari na jirani mbaya Septemba. Vibali vya maji navyo vilitolewa kwa muda mrefu kwa viwango vya lita kwa sekunde ambavyo havikufuata majira. Na kijiji kinachoambiwa kifunge mfereji Julai kinahitaji kwanza kisima au bomba, jambo ambalo liko kwenye bajeti ya idara nyingine.

Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kikosi kazi cha kunusuru ikolojia ya Ruaha Mkuu. Mwaka huo huo Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa dola milioni 150 wa kuimarisha hifadhi za kusini, ikiwemo Ruaha. Mzozo wa mpaka, uliokuwa umefukuta tangu 2008, uliwaka tena mwaka 2022 serikali ilipotangaza kwamba vijiji na vitongoji kadhaa vya Mbarali vilivyo ndani ya mpaka vitaondolewa. Wakulima na wafugaji walipeleka malalamiko kwa benki hiyo. Mwaka 2023 mpaka ulirekebishwa na sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa wananchi. Aprili 2024 benki ikasitisha malipo, na Novemba mwaka huo mradi ukafungwa.

Huko chini, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeanza kufanya kazi, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka Kilombero. Ruaha Mkuu huchangia kama asilimia 15. Kwa hiyo presha ya taa juu ya Usangu imepungua kuliko wakati wowote tangu 1975, na mjadala umebaki mahali ulipopaswa kuanzia: wakulima, wafugaji, wanyama, na maji ya miezi michache. Tangu 1998 mpaka wa hifadhi katika nyika za Usangu umechorwa mara tatu. Ratiba moja ya kufungua na kufunga malango ya mabanio yote ya mito inayolisha Ihefu, yenye tarehe, lita na jina la mwenye ufunguo, bado inasubiri kuandikwa na kufuatwa hata mara moja.